Lala Tu, Bibi

Juni 2, Jumatatu

Ukungu haukuondoka mpaka saa nne. Kidato cha Tatu walikuwa wamejikunja ndani ya masweta, wawili wawili kwenye dawati ili wapate joto. Niliwafundisha gesi ambazo haziungani na kitu kingine. Kitabu kinaziita inert, nami nikaandika ubaoni neno la Kiswahili: ajizi. Darasa likacheka. Tuntufye akasema, "Madam, ajizi si mvivu? Baba ananiita hivyo kila asubuhi." Nikamwambia ni neno lilelile. Gesi hizi ni kama wavivu, zinakaa na gesi nyingine bila kujishughulisha nazo. Walitoka nje wakitaniana kwa neno hilo, na mimi nikafurahi. Napenda siku ambayo neno gumu la Kiingereza linapata mwenzake.

Jioni Ruti kaniletea kande. Tangu nipange chumba hiki uani kwa mama mkwe wake, Bibi Elizabeti, sijui mara ngapi nimelala njaa. Nadhani hata mara moja bado.

Juni 7, Jumamosi

Shule imefungwa. Sikwenda nyumbani Mbozi. Nimewaahidi Bibi na Ruti kuwasaidia kuvuna.

Juni 12, Alhamisi

Mikono imechubuka yote. Angel, binti wa Ruti wa miaka minne, ananicheka kwa jinsi ninavyomenya mahindi. Anasema namenya kama mgeni.

Juni 17, Jumanne

Baridi. Mahindi yako uani juu ya turubai na jua halionekani.

Juni 22, Jumapili

Leo Ruti na Bibi wamegombana, na kwa mara ya kwanza nimesikia Ruti akipaza sauti. Yeye na mumewe Shadrack wanataka mahindi yakae kwenye kihenge cha nje. Bibi hataki. Mwaka jana kihenge kilivunjwa, wezi wakaondoka na magunia, hivyo mwaka huu anataka mahindi yalale naye chumbani. Magunia yamepangwa ukutani mpaka karibu na dari, kitanda kimebanwa kwenye kona.

"Mama, haya mahindi yatakuua," Ruti akasema. "Yakianguka usiku tutakufukua."

"Nife nimeshiba," Bibi akajibu.

Majirani waliokuwa wakipita walicheka. Ruti hakucheka. Alikuja chumbani kwangu akakaa kitandani, akasema anachoka kuwa mkwe wa mtu ambaye hashindwi. Angel sasa analala na bibi yake kwa ajili ya baridi, na hilo pia linamsumbua.

Julai 1, Jumanne

Upepo tu. Nimesahihisha mitihani.

Julai 6, Jumapili

Baada ya ibada Mzee Sadoki alituzuia nje ya kanisa. Yeye ndiye anayekinunulia kikundi chetu cha wakulima mahitaji. Wiki iliyopita alishuka Tunduma akarudi na makopo ya vidonge vya kuzuia bungua wanaotoboa mahindi, ya kutoka ng'ambo ya mpaka. Maandishi yote ni ya Kiingereza.

"Mwalimu wa kemia tunaye," akasema. "Atusomee, tusije tukatumia dawa kwa kubahatisha."

Nikasogea mbele. Nilisoma upande wenye maandishi makubwa. Sehemu moja ya kidonge ni dawa yenyewe, inayoua wadudu. Sehemu iliyobaki imeandikwa inert. Nikawaeleza: hiyo ni ajizi, imelala, haifanyi kitu. Watu wakalipenda neno, wakalirudia.

"Kwa hiyo kwa binadamu haina shida?" mmoja akauliza.

"Ajizi haina shida," nikasema.

Upande wa nyuma maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, upepo ulikuwa unatupiga, na watu walishaanza kuondoka. Nikamrudishia Mzee kopo lake. Bibi Elizabeti alikuja akanishika mkono. "Mwalimu, mimi nalala na mahindi. Nihame kwanza?"

"Lala tu, Bibi," nikamwambia.

Njiani kurudi nilisikia watu mbele yangu wakisema, yule binti kasoma. Nilitembea nimejinyoosha.

Julai 8, Jumanne

Shule imefunguliwa.

Julai 11, Ijumaa

Shadrack ameweka vidonge kwenye magunia. Ruti ameniuliza tena kama ni salama ndani ya nyumba. Nilikuwa naandaa somo la Jumatatu. Nilimjibu bila kuinua kichwa.

Julai 13, Jumapili

Bibi hakwenda kanisani. Kichwa kinamuuma na kifua kimembana. Nilimpelekea chai. Anasema chumba kina harufu ya vitunguu saumu vilivyooza. Mimi nina mafua, sikusikia kitu. Angel naye alikuwa analalamika tumbo. Nikasema ni hii baridi. Nikawafungia dirisha, nikachukua kitambaa nikaziba nafasi chini ya mlango, ili upepo usiingie.

Julai 16, Jumatano

Sikuandika jana. Leo tumemzika Bibi Elizabeti.

Jana alfajiri nilisikia Ruti akiita jina la mumewe, kisha jina langu. Nilipofika mlango wa Bibi ulikuwa umefunguka nusu tu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameanguka nyuma yake. Alikuwa amejaribu kutoka. Alishapoa. Angel alikuwa kitandani, amejitapikia, midomo imebadilika rangi, anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Shadrack alimfunga mgongoni kwa kanga ya mama yake akapanda bodaboda kwenda hospitali Itumba. Ruti alitaka kwenda naye. Wanawake wakamzuia wakisema mkwe haondoki mama mkwe akiwa amelala ndani.

Wakaniita nisaidie kumtengeneza marehemu. Mafua yangu yamepona. Nilipovuka kizingiti nikaipata ile harufu, vitunguu saumu na samaki aliyeoza, na nikajua papo hapo. Sikuhitaji kufikiri. Nilisoma habari zake chuoni, niliijibu kwenye mtihani: kidonge kikipata unyevu hutoa gesi, na gesi hiyo haichagui kati ya bungua na mtu. Mahindi ya mwaka huu hayakukauka. Tuliyaweka ndani na ukungu wake.

Nikafungua dirisha nililolifunga mwenyewe. Kitambaa changu kilikuwa bado chini ya mlango. Nikakiokota nikakitia mfukoni kabla mtu hajakiona.

Niliwaambia vijana watoe magunia yote, wageni wa msiba wapate nafasi. Hakuna aliyeshangaa. Kisha nikaenda kwa Mzee Sadoki, karibu nikikimbia, nikamwomba kopo, nikasoma upande wa nyuma. Kila kitu kimo. Usitumie katika nyumba wanamolala watu au mifugo. Gesi yenye sumu kali. Na ile inert niliyojivunia, hapo inamaanisha tu sehemu isiyoua wadudu. Haisemi popote kwamba kopo halidhuru mtu. Mimi ndiye niliyesema.

"Kuna tatizo, Mwalimu?" Mzee akauliza.

"Nimesoma upya. Watoe mahindi ndani na wasilale humo. Sasa hivi, nyumba zote."

"Ni kwa sababu ya msiba huu?"

"Ni tahadhari tu," nikasema.

Alituma watu nyumba hadi nyumba. Kabla ya jua kuzama magunia yote ya kikundi yalikuwa nje. Hilo nililifanya. Jana nzima nililishika hilo moyoni kama mtu anayeshika stakabadhi.

Julai 17, Alhamisi

Kaka yake Shadrack, Edson, amefika kutoka Tunduma, mazishi yamempita. Anashughulika na malori pale mpakani, ni mtu wa kuamua mambo haraka. Shadrack alipiga simu kutoka hospitali: mtoto yuko hai, na daktari anasema ni sumu.

Edson akawakusanya ndugu uani. Akauliza nani alipika chakula cha Jumatatu.

"Mimi," Ruti akasema.

"Na ni nani aliyesema mahindi yatamuua mama?"

"Nilisema. Nilikuwa naogopa yasimwangukie."

"Yalimwangukia?"

Ruti akanitazama. "Mwalimu alikula nasi. Maharage yaleyale, chungu kilekile. Mwulizeni."

Wote wakageuka. Nilikuwa nimekaa kati ya wanawake. Nilikuwa na nafasi ya kusema yote, mdomo ulikuwa wazi. Nikasema, "Nilikula kidogo."

Edson akatikisa kichwa. "Basi haikuwa chunguni. Aliweka kwenye sahani zao."

Sijui kwa nini nilisema kidogo. Nilikula nikaongezwa.

Walimwambia Ruti arudi kwao Isongole mpaka ukoo ukae. Hakulia. Aliomba apitie Itumba amwone mtoto, wakakataa. Alipopanda bodaboda, mimi ndiye niliyempa begi lake. Alisema, "Mwangalizie Angel." Nikasema sawa.

Julai 18, Ijumaa

Nimefundisha vipindi vyote. Sikumbuki nilifundisha nini.

Julai 19, Jumamosi

Nimekwenda Itumba. Angel amewekewa hewa puani, ana mikono myembamba kuliko nilivyoikumbuka. Shadrack alikuwa ametoka kutafuta uji, nikamwomba daktari dakika moja. Nikamwambia kuhusu vidonge.

"Tungejua Jumanne tusingemwingiza mpira tumboni," akasema. "Tulidhani amekula. Alihangaika sana yule mtoto."

Nilitazama mpira wa hewa puani kwa Angel.

"Habari njema ni kwamba amevuka pabaya. Ndugu wanajua?"

"Nitawaambia mwenyewe. Niachie mimi."

"Waambie leo. Baba yake anadhani mke wake ni muuaji."

Shadrack akarudi na uji. Angel akaniuliza mama anakuja lini. Nikamwambia karibu. Shadrack akageukia ukuta. Daktari alisimama mlangoni akinisubiri nianze kusema, kisha akaitwa wodi nyingine, na mimi nikaaga.

Julai 20, Jumapili

Sikwenda kanisani.

Julai 23, Jumatano

Tuntufye ameniuliza kama gesi ajizi zitatoka kwenye mtihani. Nikamwambia afungue ukurasa mwingine.

Julai 26, Jumamosi

Nataka niandike kwa nini sisemi, labda nikiandika nitaona ni jambo dogo.

Naogopa polisi. Naogopa kazi. Hayo ni kweli lakini hayafiki chini. Chini kabisa kuna ile siku ya kanisani, watu wakisema yule binti kasoma. Nimekulia Mbozi kwa wazazi waliouza kahawa miaka mingi ili nisome, na tangu utoto thamani yangu yote ni hiyo, kwamba najua. Nikisema nilikosea sibaki na kitu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia wiki hii yote. Leo nimegundua kwamba katika hesabu zangu Ruti hayumo kabisa. Nimemlia Bibi, nimejililia mimi. Mtu aliyenilisha mwaka mzima nimemwacha abebe jina la muuaji, na nilikuwa nalala.

Watu nao nilikuwa nawaona vibaya. Nilidhani Edson ni mkatili. Lakini alipewa neno la daktari na neno la mkewe Shadrack na akaunganisha, kama mimi nilivyounganisha ajizi na salama. Tofauti ni kwamba yeye hajui na mimi najua.

Kesho nitasema.

Julai 27, Jumapili

Sikusema. Edson alikuwa amerudi Tunduma, nikajiambia ni heri nimngoje.

Julai 30, Jumatano

Angel ametoka hospitali. Hatembei uani. Anakaa tu kwenye kizingiti cha jikoni la mama yake.

Agosti 2, Jumamosi

Edson alikuja asubuhi na gari la kuazima. Nilikuwa nafua. Nikasikia akimwambia Shadrack mtoto ataishi kwake Tunduma, mke wake atamlea, asikulie kijiji ambacho mama yake yuko karibu kumfikia. Shadrack alisema ndiyo kwa sauti ya mtu ambaye hajalala. Wakaanza kukusanya nguo za Angel. Angel hakuuliza anakwenda wapi. Aliinuka tu akavaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto.

Nikaacha kufua.

"Edson," nikasema. "Asiondoke. Ruti hakufanya kitu."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia jirani mwenye huruma. "Mwalimu, mambo ya ukoo tuachie."

"Ni mimi," nikasema. Na yakatoka, si kwa mpangilio. Kwamba ni vidonge vya mahindi. Kwamba Mzee Sadoki alinipa kopo nisome nikasoma upande mmoja. Kwamba mama yao aliniuliza kama ahame, nikamwambia alale tu. Kwamba Ruti aliniuliza tena na sikuinua kichwa. Kwamba dirisha nilifunga mimi na mlango nikauziba. Kwamba siku ya msiba nilijua kabla hawajamfunika, na maharage nilikula nikaongezwa.

Edson alikaa chini pale pale kwenye udongo, na suruali yake safi. "Na ulipoulizwa mbele yangu," akasema.

"Nilidanganya."

"Mimi nilimfukuza yule mwanamke na wewe umekaa kwenye mkeka unanitazama."

"Ndiyo."

Shadrack alikuja mpaka nilipo, nikajua atanipiga, na nilitaka anipige. Akanipita. Akaenda akamvua Angel viatu.

Majirani waliokuja kusikiliza walikuwa wamejaa. Mama mmoja akauliza, kumbe lile neno lina maana gani? Nikamweleza hapohapo, pole pole, kama nilivyopaswa siku ile: ya kwamba ajizi kwenye kopo ni sehemu isiyoua mdudu basi, si ahadi kwa mtu, ya kwamba neno moja halisemi habari ya kopo zima, ya kwamba dawa hii haikai na watu chumba kimoja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sasa nimeelewa," akaondoka bila kuniaga.

Agosti 3, Jumapili

Edson, Shadrack na mimi tumekwenda Isongole.

Ruti alikuwa anachambua maharage barazani kwa mama yake. Amekonda. Edson alipiga magoti, mtu mzima na mwili wake, akaomba radhi kwa jina la ukoo. Ruti akamwambia ainuke. Shadrack alianza kulia na Ruti hakumtazama. Kisha ikawa zamu yangu. Nikasema yote tena. Yeye aliendelea kuchambua, jiwe huku, punje huku.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Siku ileile. Nilipoingia kumtengeneza."

"Kwa hiyo uliponipa begi ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nilikwambia umwangalie mtoto wangu."

"Uliniambia."

Akaweka ungo chini. "Kukosea kusoma ningekusamehe kabla hujamaliza kusema," akasema. "Hata mimi nilikuamini, na mama alikuamini, wote tulikosea pamoja. Hiyo nyingine sijui nifanye nayo nini. Ondoka kwanza."

Nikasubiri barabarani. Walizungumza mpaka jua likaanza kushuka. Hakurudi nasi.

Agosti 5, Jumanne

Nimekwenda mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji. Ameandika maelezo yangu na kuyapeleka wilayani. Mkuu wa shule nimemweleza pia. Alisema atasubiri wilaya iseme, na kwamba niendelee kufundisha.

Agosti 10, Jumapili

Mzee Sadoki aliniita mbele baada ya ibada, kopo mkononi. Nilidhani anataka kunisuta. Akasema, "Soma yote. Mbele na nyuma." Nikasoma, neno kwa neno, na pale nisipojua Kiswahili chake nikasema sijui. Alifuata kwa kidole kila mstari niliousoma. Naye ndiye aliyenunua. Sikuwahi kufikiri kwamba hata yeye halali.

Agosti 16, Jumamosi

Ruti amerudi. Amerudi kwa Angel, amesema hivyo mwenyewe mbele ya ndugu. Shadrack analala sebuleni.

Agosti 19, Jumanne

Nilisema nitahama. Ruti akajibu kupitia dirishani: "Uhame uende wapi? Kaa hapa nikuone." Sijui ni rehema au adhabu.

Agosti 25, Jumatatu

Wanaanza kuchoma mabua mashambani. Moshi siku nzima. Angel alikohoa na wote wawili, mimi na mama yake, tukatoka mbio kutoka milango tofauti. Ruti alimfikia kwanza. Nikarudi ndani.

Septemba 1, Jumatatu

Wilaya wamenihoji. Wataniita tena. Chakula napika mwenyewe.

Septemba 7, Jumapili

Baridi imekatika. Ruti alinigongea mchana, amevaa kitenge cheusi.

"Sikumzika," akasema. "Siku ile walinifungia ndani na wanawake wawili, wakisema aliyemtabiria mtu kifo hatupi udongo. Sijawahi kufika hata kaburini. Shadrack anataka kunipeleka. Sitaki kwenda naye bado."

"Unataka niende mimi?"

"Wewe ulikuwepo. Unionyeshe upande alikolaza kichwa."

Tulipanda kilima. Nilimwonyesha. Udongo umeshakauka na kupasuka, msalaba umeinama kidogo kwa upepo wa Julai. Ruti alipiga magoti upande wa kichwa, akaubomoa udongo kwa vidole mpaka akapata konzi iliyolainika, akaimwaga taratibu. Akaanza kuzungumza na mama mkwe wake kwa Kindali, haraka, kwa sauti ya chini. Kindali changu ni kidogo. Nilisikia jina la Angel. Nilisikia kihenge. Nilisikia akicheka mara moja, kisha akilia, na nikajua ugomvi wao wa mahindi anaumaliza.

Nilisimama mbali kidogo. Nilitaka aniite nisogee, niseme nami neno langu kwa Bibi. Hakuniita. Alipomaliza alisimama, akaunyoosha msalaba, akafuta mikono kwenye majani.

"Jina langu umelitaja kwake?" nikauliza.

"Bado," Ruti akasema. "Siku nitakayolitaja nitakuambia."

Tukashuka, yeye mbele, mimi nyuma.